Kheir Hakuwa Mvivu

Shamsi na Kheir walikuwa mafundi wa mafriji. Kibanda chao kilikuwa Miembeni, karibu na njia kuu. Kilikuwa na mabati juu na meza mbili ndani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja hapo kwa miaka kumi na miwili.

Shamsi alizaliwa Kikwajuni na kukulia huko huko. Alikuwa msemaji na mwepesi wa hasira. Yeye ndiye aliyepokea wateja, akapatana nao bei na kugombana nao. Kheir alikuwa mtu wa kisiwa cha Tumbatu aliyehamia mjini alipomaliza skuli. Hakuwa na maneno mengi. Friji ikiletwa, huweka sikio kwenye kompresa, husikiliza kidogo, kisha husema tatizo liko wapi. Ilikuwa nadra kukosea. Wateja wengi walimtaka yeye.

Lakini Kheir alikuwa na jambo lake. Kila baada ya mwaka, au mwaka na nusu, alibadilika. Kwanza aliacha kula mchana. Kisha aliacha kunyoa ndevu. Kisha alishika spana na kuitazama tu, kama mtu asiyejua ni ya kazi gani. Mwisho haji kazini kabisa. Siku tano, wiki mbili, safari moja miezi mitatu.

Shamsi aliliita jambo hilo uvivu. Akikasirika zaidi, aliliita kususa.

Mwaka huu Kheir aliacha kuja kazini katika mwezi wa Shaabani. Ulikuwa wakati mbaya. Ramadhani ilikuwa inakaribia na kila mtu alitaka friji yake iwe nzima. Mafriji yalijaa kibandani mpaka nje. Shamsi alifanya kazi ya watu wawili, na matusi ya wateja akayapokea peke yake. Alipompigia Kheir simu, iliita mpaka ikakatika.

Siku ya kumi na tisa bila ya Kheir, baada ya sala ya alasiri, Shamsi alifunga kibanda na kwenda Jang'ombe, nyumbani kwa Kheir. Njia nzima alikuwa akipanga maneno.

Sichana, mke wa Kheir, alimfungulia mlango. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba Kheir yumo ndani, usingizi hapati, chakula anakigusa tu, na anaswali kitako kwa miguu kukosa nguvu. Shamsi hakuyatilia maanani. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani. Kheir alikuwa amekaa kitandani amejifunga msuli kiunoni, ameelekea ukutani.

"Unaumwa nini?" Shamsi alimuuliza. "Nionyeshe panapouma."

Kheir aliendelea kutazama ukuta.

"Una mke. Una watoto wazima wa afya. Una kazi ambayo wenzako wanaililia. Weye unakosa nini?"

"Sikosi kitu," Kheir alisema.

"Basi inuka."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Kheir aligeuka akamtazama. "Tafuta fundi mwengine, Shamsi. Mie sina faida kwa mtu."

Shamsi aliona amedharauliwa. Alimwambia aache kujidekeza, amshukuru Mungu na azidishe ibada. Aliyasema hayo kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi. Watoto wa Kheir walikuwa ukumbini na madaftari yao, wakasikia kila neno. Kisha Shamsi akatoka. Sichana alimsindikiza mpaka mlangoni na hakumwambia kwaheri.

Asubuhi yake Shamsi aliitwa kituo cha afya cha mtaa wa pili. Friji ya chanjo ilikuwa imekufa. Chanjo za watoto zilikuwa zimewekwa kwenye maboksi yenye barafu, na barafu ile ingedumu mpaka jioni tu.

Aliyempokea alikuwa muuguzi, Bi Salhiya, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na watu wenye maradhi ya akili. Shamsi alifungua friji kwa nyuma. Alipima hapa, akapima pale. Saa nzima ilipita na hakuona kosa. Kazi kama hii ilikuwa ya Kheir. Mwisho aliitupa spana chini na kuanza kulalamika. Alisema ana mwenzake mvivu, kila mwaka anamwacha na mzigo, na jana amemfuata mpaka chumbani na mtu hata kuinuka hakuinuka.

Bi Salhiya alimwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha alianza kumuuliza. Ni muda gani sasa? Analala? Anakula? Vitu alivyokuwa akivipenda, bado anavipenda? Shamsi alijibu kwamba Kheir alikuwa hakosi kucheza bao kila Ijumaa, na sasa hata barazani hatoki.

"Mvivu hufurahia kukaa bila ya kazi," Bi Salhiya alisema. "Huyo anafurahia?"

Shamsi alifikiri. "Hapana."

"Mie sijamwona, kwa hiyo sisemi kwa yakini. Lakini hayo unayonieleza yanafanana na ugonjwa unaoitwa sonona."

Alimweleza kwa maneno mepesi. Sonona si huzuni ya siku mbili ambayo kila mtu huipata. Mtu hukaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo umemzama na hakuna kinachompa ladha. Usingizi hupotea au huzidi. Mwili huwa mzito kama umefungwa mawe. Mtu hujilaumu kwa kila kitu na huona hana thamani. Wengine huwapata mara moja tu maishani. Kwa wengine huondoka na kurudi kwa miaka mingi, na mtu huishi nao kama wengine wanavyoishi na pumu. Hautokani na imani dhaifu wala tabia mbaya. Na unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

"Mimi nilimwambia azidishe ibada," Shamsi alisema.

"Kwani haswali?"

"Anaswali. Mkewe anasema siku hizi anaswali kitako, miguu haina nguvu."

Sauti ya Bi Salhiya ilibadilika.

"Mtu anajikokota mpaka kwenye msala wa kuswalia, halafu weye unakwenda kumpimia imani yake. Nikwambie kweli, mwanangu, nimekasirika. Si na weye peke yako. Kila wiki analetwa hapa mtu aliyechelewa miaka. Nikiuliza kwa nini, naambiwa jamaa zake walimwambia akaze moyo."

Shamsi hakuzoea kukaripiwa. Aliinama akaiokota spana yake.

"Aliposema hana faida kwa mtu," Bi Salhiya aliendelea, "ulimuuliza ana maana gani?"

"Niliona ananidharau."

"Basi leo nenda ukamuulize. Kaa naye chini, umuulize kwa maneno wazi: unawaza kufa? Unawaza kujiua?"

"Nikimuuliza hivyo si nitamtia fikra hiyo?"

"Humtii. Kama haimo kichwani mwake, atakwambia haimo. Kama imo, amekaa nayo peke yake, na sasa mtakuwa wawili. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo. Usimwahidi kuifanya siri. Mwambie mkewe, ondoeni nyumbani kila anachoweza kujidhuru nacho, na mumlete hapa leo leo. Nipo mpaka magharibi."

Shamsi alirudi kwenye friji. Nusu saa baadaye aliona waya mmoja umeungua ndani, akaubadilisha, na friji ikawaka. Bi Salhiya alirudisha chanjo ndani, na Shamsi hakungoja hata kupewa maji.

Alifika Jang'ombe mchana wa jua kali. Hasira bado alikuwa nayo, ila sasa hakujua amkasirikie nani. Sichana alisimama mlangoni na hakumpisha.

"Shemeji, kama umekuja kumpigia kelele mume wangu mbele ya wanangu, rudi ulikotoka."

"Nimekuja kumuomba radhi," Shamsi alisema. "Na weye pia nnakuomba."

Sichana alimtazama kwa muda. Kisha akampisha.

Kheir alikuwa pale pale alipomwacha jana. Shamsi alikaa chini kwenye mkeka. Alisema kwamba jana amekosa. Kheir alitikisa kichwa tu. Walikaa kimya. Shamsi, ambaye hajapata kukaa kimya dakika tano maishani mwake, alijilazimisha. Kisha akauliza.

"Kheir, uliposema huna faida, unawaza kufa? Unawaza kujiua?"

Kheir aligeuka kutoka ukutani.

"Sijapanga kitu," alisema. "Lakini kila siku nnawaza kwamba nikiondoka, nyote mtapumzika."

Maneno yalimjaa Shamsi mdomoni. Alitaka kumkumbusha watoto wake, alitaka kumwambia ni dhambi, alitaka kupiga kelele. Aliyameza yote.

"Tusingepumzika," alisema. "Umefanya vizuri kuniambia. Lakini siwezi kuliweka hili moyoni mwangu peke yangu. Sichana lazima ajue. Na kuna muuguzi anatungoja leo."

"Nshakwenda spitali, yakhe. Mwaka juzi."

Shamsi hakuwa na habari hiyo. Kheir alimsimulia polepole, akipumzika baina ya maneno. Mwaka juzi alikwenda kwa siri. Daktari alimpa vidonge. Alivinywa miezi mitano. Usingizi ulirudi, na kazi akaifanya kwa raha.

"Kwa nini uliacha?"

"Siku moja mfuko wa vidonge ulinianguka kibandani. Nahodha, yule mteja wa Malindi, aliuokota akausoma. Akaniuliza mbele ya watu kama mie ni mwendawazimu. Watu walicheka." Kheir alitazama mikono yake. "Na weye ulicheka. Ukasema ndiyo maana mafriji yananisemesha. Siku ile nilivitupa."

Shamsi alikumbuka. Alikuwa ameuona ni mzaha mzuri. Alikuwa ameurudia barazani mara tatu au nne, na kila mara watu walicheka. Hajawahi kumkasirikia mtu kama alivyojikasirikia mwenyewe saa ile. Alitamani Kheir amtukane. Lakini Kheir hakuwa na nguvu hata ya kutukana.

Walimwita Sichana wakamwambia. Sichana alilia kidogo, akajifuta, akaingia jikoni na chumbani kuondoa vitu vya hatari. Kisha wote watatu walikodi teksi.

Bi Salhiya alizungumza na Kheir peke yake kwanza. Baadaye alimpigia simu daktari wa maradhi ya akili, na Kheir akaonwa jioni ile ile. Alipewa dawa na siku za kuja kuzungumza na mtaalamu. Kwa kuwa Ramadhani ilikuwa karibu, daktari alimpangia anywe dawa baada ya futari. Aliwaeleza kwamba dawa hii haifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa. Mwanzoni mdomo unaweza kukauka na kichwa kuwa kizito. Kheir akijiona amepona, asiache dawa kwa shauri lake wala kwa shauri la jamaa. Arudi kwanza kwa daktari.

Tangu siku ile Shamsi alikwenda Jang'ombe kila jioni. Mwanzoni alikosea sana. Alimwambia Kheir achangamke. Alimuuliza kila siku kama amepata nafuu, kama mtu anayedai jibu. Siku moja Kheir alimkata.

"Usiniulize kila siku. Nikisema bado, naona nimekuangusha. Njoo ukae tu. Nieleze habari za mafriji."

Basi Shamsi alikaa na kueleza habari za mafriji. Siku nyengine Kheir alisikiliza, siku nyengine hakusikiliza. Baada ya siku kumi Shamsi alimuomba watembee mpaka dukani. Kheir alikubali mpaka kona, kisha akataka kurudi. Walirudi. Kesho yake walipita kona. Sichana aliangalia dawa na tarehe za daktari. Shamsi alimpeleka Kheir kwa mtaalamu kila Jumatano na kumngoja nje.

Katika wiki ya tatu Kheir hakutaka kumwona mtu. Shamsi alikuja siku tatu mfululizo akaambiwa hatoki. Siku ya tatu alipiga ukuta kwa ngumi na kwenda kwa Bi Salhiya. Alisema amechoka, ana kazi, ana familia, na mtu mwenyewe hata asante hasemi.

Bi Salhiya hakumlaumu. Alimwambia kuchoka si kosa, na hasira si kosa, ila asiipeleke Jang'ombe. Alimwambia pia kwamba yeye ni rafiki, si daktari, na hakuna rafiki anayeweza kuubeba ugonjwa huu peke yake. Shamsi alizungumza na mkewe Zeyana. Wakagawana siku. Zeyana alikwenda kukaa na Sichana, ambaye naye alikuwa hajapumzika miezi miwili, na kaka yake Kheir alikuja kutoka Tumbatu kila mwisho wa wiki. Shamsi alibaki na siku nne. Siku zilizobaki alilala.

Siku chache kabla ya Idi, Nahodha wa Malindi alileta friji yake kibandani. Kulikuwa na wateja watano. Nahodha aliangalia huku na huku, akauliza mwendawazimu wao yuko wapi, nani kamfunga.

Watu wawili walianza kucheka. Shamsi aliweka chini alichoshika. Zamani angemrukia. Sasa alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu alimsikia.

"Kheir anaumwa. Ugonjwa wake una jina, unaitwa sonona, na una dawa. Alikuwa anainywa dawa hiyo na alikuwa mzima. Akaitupa kwa sababu ya kicheko chetu hapa hapa. Chako na changu. Nusura tumuue."

Nahodha alisema ule ulikuwa mzaha tu.

"Naam, mzaha. Na mie niliufanya, na nitajuta mpaka nife. Chukua friji yako, Nahodha. Hapa haitengenezwi."

Nahodha aliita mkokoteni, akapakia friji yake na kuondoka huku akinung'unika. Hakurudi tena. Wateja wengine walimaliza shughuli zao kimya kimya. Mmoja alibaki, dada mmoja aliyeitwa Ulfat. Alingoja mpaka wote wakaondoka. Kisha alimuuliza Shamsi muuguzi yule yuko kituo gani. Alisema mdogo wake hajatoka chumbani tangu mfungo mosi wa mwaka jana, karibu mwaka mzima sasa, na nyumbani wanamwita mvivu. Shamsi aliacha kazi akampeleka mwenyewe.

Wiki mbili baada ya Idi, Kheir alirudi kazini. Alianza kwa saa mbili kwa siku, kama walivyopanga na mtaalamu. Kisha nusu siku. Kufikia mwezi wa pili alifanya kazi siku nzima. Dawa aliiweka juu ya meza yake, wazi, karibu na glasi ya maji. Mara moja moja mteja aliuliza ni ya nini. Kheir alijibu ni ya sonona, kisha akamuuliza friji yake ina tatizo gani.

Ugonjwa haukuondoka moja kwa moja. Mwaka uliofuata, katika miezi ya baridi ya kipupwe, Kheir alimwambia Shamsi mwenyewe kwamba usingizi umempotea siku nne, na kwamba anaanza kuona hana maana. Safari hii hakuna aliyengoja siku kumi na tisa. Walikwenda kwa daktari asubuhi ile ile, dawa ikaongezwa. Shamsi aliwaambia wateja kwamba Kheir anaumwa na kazi zao zitachelewa. Wengine walikasirika. Wengi walingoja.

Mwaka wa kabla yake Kheir alikosa kazi zaidi ya miezi miwili. Safari hii alikaa nyumbani wiki tatu. Siku aliyorudi, alikuta friji kubwa ya muuza samaki iko tayari kuchukuliwa. Aliitazama kwa nyuma, akainama, akaweka kidole kwenye bomba.

"Nani kachomea hapa?"

Shamsi alisema ni yeye.

"Hii ndiyo kuchomea? Mtu ataweka samaki wake humu, kesho gesi yote imetoka. Miaka kumi na mitatu nnakuonyesha. Huna haya?"

Alisema kwa sauti kubwa, mbele ya wateja wanne na mwenye friji. Shamsi naye alipandisha sauti, akasema alikuwa peke yake na mikono miwili. Kheir akamjibu kwamba mikono miwili inatosha kuchomea bomba moja. Waligombana mpaka adhana ya alasiri. Wakaenda kuswali bega kwa bega, Kheir amesimama wima. Waliporudi, Kheir alilikata lile bomba na kuanza upya, na Shamsi akamshikia taa.